Nta Hupakwa Mwisho

Neno utamaduni likitajwa mbele ya watu wetu wengi, fikra zao hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago na hadithi za kale. Hilo si kosa. Mwaka 1962, taifa letu lilipokuwa changa na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa, ngoma zetu zilizodharauliwa zamani za ukoloni zilianza kurudishiwa heshima yake. Lakini utamaduni wa watu haukai katika uwanja wa ngoma peke yake. Hukaa pia katika namna wanavyovishika vitu vya kila siku: namna mama anavyosugua sufuria, namna mkulima anavyofuta jembe kabla ya kuliegemeza ukutani, na namna dereva anavyolitazama gari lake arudipo safarini. Katika makala haya tunataka kusimulia jambo dogo la nyumbani, nalo ni kuosha gari, kulipiga polishi na kulipaka nta. Kazi hiyo tulifundishwa utotoni, na katika kufundishwa tulitenda kosa moja ambalo mpaka leo hatujalisahau.

Tulikulia Tabora, katika safu ya nyumba za watumishi wa serikali. Baba yetu alikuwa dereva wa idara moja, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka maofisa vijijini, ndani kabisa ya misitu ya miombo. Gari lake lilikuwa Land Rover la rangi ya kijani. Kwa kuwa aliweza kuitwa saa yoyote ya usiku, gari lile lililala uani kwetu, chini ya mwembe. Watoto wa jirani walituita watoto wenye gari, na sisi tulifurahi kuitwa hivyo. Baba hakufurahi. Kila aliposikia maneno hayo alisema, "Si letu. Ni gari la watu. Sisi tumewekewa tu." Nasi hatukufahamu ni vipi kitu kinacholala kwenu, mnachokiosha ninyi, kiwe si chenu.

Siku ya kuosha ilikuwa Jumamosi alasiri, jua lilipokwisha kupinda. Kwanza baba aliweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa bado ina moto, sote tuliketi tukangoja. Alitueleza kwamba maji yakimwagwa juu ya bati la moto hukauka kabla ya kufutwa, na chumvi iliyomo huacha madoa meupe. Kisha zilikuja ndoo tatu za maji, wala ya nne haikuongezwa. Maji tuliyachota katika bomba la mwisho wa safu, maji ya Bwawa la Igombe, na kila ndoo ilipita juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo hatukuhitaji kuambiwa thamani yake. Shingo zetu ziliijua.

Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kuondoa vumbi. Baba alikataza kabisa mtu kugusa rangi kwa kitambaa kabla vumbi halijamwagiwa maji na kuteremka lenyewe, kwani ndani ya vumbi mna chembe za mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni sawa na kucha za paka. Ndoo ya pili ilikuwa ya sabuni, na ya tatu ilikuwa ya kusuuzia dodoki kila lilipotoka kwenye bodi, ili mchanga usirudi katika sabuni. Tulianza juu ya paa tukashuka chini, kwa sababu uchafu, kama maji, hauna njia ya kupanda. Magurudumu yalikuwa na kitambaa chake, nacho kiliwekwa mbali, maana kitambaa kilichogusa gurudumu hakikuruhusiwa kamwe kugusa mlango. Vioo vilifutwa kwa gazeti la juzi. Lami iliyoganda pembeni ililainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, ikaoshwa mara moja.

Lakini kabla ya hayo yote baba alilala chali uvunguni, akakwangua udongo kwa kijiti. Sisi tuliona ni kupoteza wakati, maana hakuna mpita njia ambaye angeuona uvungu ule. Yeye akatueleza kwamba bodi ya Land Rover imeundwa kwa aluminiamu, ambayo haili kutu kama chuma. Chesisi yake, ambayo ndiyo uti wa mgongo, ni ya chuma. Udongo ukigandamana huko hushika unyevu, na kutu hula polepole bila kelele. Gari linaweza kung'aa juu, huku chini limekwisha.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Mwaka 1976, siku ya Jumamosi, baba alirudi kutoka safari ya siku tatu. Alikuwa amechoka mno, akala, akaingia ndani, akalala. Sisi watoto watatu tukashauriana tumfurahishe: akiamka, alikute gari limekwisha oshwa. Tukachota maji, tukaanza vizuri kama tulivyofundishwa. Tulipofika kwenye mlango wa dereva tukakuta utomvu wa miti umeshikamana na vumbi, ukawa mgumu kama gundi. Dodoki halikufaa kitu. Ndipo mmoja wetu alipokumbuka sufuria za mama, jinsi zinavyong'aa zikisuguliwa kwa mchanga na majivu. Tukaleta mchanga mwembamba, tukauchanganya na majivu ya mekoni, tukausugua mlango ule kwa miviringo, kwa bidii yote ya watoto wanaotaka kusifiwa. Utomvu ukatoka! Mlango ukang'aa kuliko sehemu nyingine zote.

Uling'aa kwa kuwa ulikuwa na maji. Maji yana hila: hujaza mikwaruzo, jicho lisiione. Mlango ulipoanza kukauka, ilitokea miviringo meupe mmoja baada ya mwingine, mpaka mlango mzima ukawa kama jicho lenye ukungu. Tukaumwagia maji tena, miviringo ikatoweka, ukakauka, ikarudi. Tukawa tunaendelea hivyo, tukimwaga maji na kuomba jua lisiukaushe, mpaka tulipomwona baba amesimama mlangoni pa nyumba.

Hakupiga kelele. Aliupitisha ukucha juu ya mlango, akauliza, "Nani amewafundisha kusugua hivi?"

"Sufuria za mama, baba."

"Sufuria haina ngozi, wanangu. Gari lina ngozi."

Jioni ile alikuja rafiki yake, dereva kama yeye, akautazama mlango, akatikisa kichwa, kisha akatoa shauri lililoonekana jema. Alimwambia baba aupake nta nzito usiku ule ule. Nta ingejaza mikwaruzo midogo, na Jumatatu asubuhi asingekuwapo wa kuitambua. Hata mtu akiitambua, jibu lilikuwa tayari: ni miti ya porini. Ama kweli, hapakuwa na gari la serikali Tabora ambalo halikupata kukwaruzwa na matawi ya miombo. Baba alifikiri kidogo, akasema, "Mti wa porini hukwaruza mstari, bwana. Hauchori miviringo." Halafu akaongeza, "Tena mti hauna mdomo wa kujitetea."

Jumatatu asubuhi alimchukua mkubwa wetu, wakaenda pamoja ofisini. Aliyoyasikia ndugu yetu huko alitusimulia mara nyingi, na maneno ni haya: "Ndugu Mkuu, gari limekwaruzwa nyumbani kwangu. Waliolikwaruza ni watoto wangu, nami nilikuwa nimelala. Naomba ruhusa nilitengeneze kwa gharama yangu." Ruhusa alipewa. Pamoja nayo alipewa barua ya onyo, na nakala yake ikatiwa katika jalada lake. Sisi tulidhani mambo yamekwishia hapo. Miaka mingi ilipita ndipo mama alipotueleza kwamba mwaka ule jina la baba lilikuwa miongoni mwa madereva waliotazamiwa kupandishwa daraja, na kwamba halikupandishwa. Yeye mwenyewe hakutuambia neno hilo mpaka alipofariki.

Mlango ule tuliutengeneza kwa Jumamosi tatu, sisi wenyewe, yeye akisimamia. Hapo ndipo tulipojifunza kuwa polishi na nta ni vitu viwili, ingawa watu wengi huvitaja kwa jina moja. Polishi ina unga laini mno, usioonekana kwa jicho, na kazi yake ni kusugua. Haiongezi kitu, hupunguza. Huondoa utando mwembamba wa rangi iliyokufa kwa jua na vumbi, pamoja na kingo za mikwaruzo, mpaka rangi hai iliyo chini itokeze. Tulisugua kwa fulana kuukuu ya pamba, sehemu ndogo ndogo za ukubwa wa sahani, nayo fulana ikageuka kijani. Baba alituonyesha kijani kile. "Mnakiona? Hii ndiyo ngozi yake, na hairudi. Ndiyo maana polishi haipigwi kila wiki. Mwenye haraka ya kung'arisha siku moja atafikia bati." Mikwaruzo mingi ikatoweka. Michache iliyoingia ndani ilibaki, na baba akakataa tusiisugue zaidi.

Nta yenyewe haikutoka dukani. Tabora ni nchi ya nyuki. Tangu kale Wanyamwezi wametundika mizinga ya magogo na ya magome katika misitu ya miombo, na asali na nta yao imesafiri mbali. Chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora kilianzishwa katika miaka ile ile ya mwanzo wa uhuru. Katika safari zake baba alikuwa akipewa au kununua bonge la nta kwa wazee wa vijijini. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa katika maji, huchujwa kwa nguo, kisha huachwa yapoe. Nta huelea juu ikaganda kama mkate wa manjano, na takataka hubaki chini. Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo haihitaji moto mkali. Baba aliiweka katika kopo, na kopo katika sufuria ya maji ya moto. Ilipoyeyuka aliliondoa kopo, akalipeleka mbali kabisa na meko, ndipo akatia tapentaini akikoroga, maana tapentaini na moto ni maadui. Ikipoa ilikuwa laini kama samli, na ua mzima ulinukia asali.

Ilipakwa kidogo sana. Tuliposhika kipande kikubwa alituambia kwamba nta nyingi si ulinzi, ni gundi ya vumbi, kwa kuwa nta ya nyuki hulegea juani. Tulipaka utando ambao jicho liliuona kwa shida, tukauacha ushike, tukaufuta kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kikateleza chenyewe. Kisha mmoja wetu alinyunyiza matone ya maji, na matone yakasimama juu ya boneti, duara kama shanga, yakatiririka chini bila kuacha alama. Furaha yetu haikuwa na kifani. Leo tunajua kwamba nta iliyo ngumu kuliko hiyo ni ile itokayo katika majani ya karnauba, mti wa jamii ya michikichi uotao kaskazini mashariki ya Brazili, nayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Nta hiyo hutiwa katika makopo mengi yauzwayo madukani, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini si vibaya kijana wa Tabora ajue kwamba kitu anachokinunua katika kopo dogo lililotoka ng'ambo, ndugu yake aliye wa karibu yumo katika misitu ya kwao.

Zikaja siku za dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta ulimwenguni, karibu kila kitu kiliadimika. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili mafuta machache yaliyokuwapo yatoshe. Jirani yetu mmoja, mwenye Peugeot 404, alitumia alasiri zile kuliosha gari lisiloweza kwenda popote. Sabuni nayo ilikuwa kama dawa. Wako waliofulia nguo kwa majani ya mpapai. Baba hakuthubutu kutia sabuni ya watoto katika ndoo ya gari. Aliosha kwa maji matupu, polepole zaidi, kitambaa kikisuuzwa mara nyingi zaidi, nasi tukaona kwamba rangi iliyotunzwa kwa nta haihitaji sabuni nyingi. Vumbi halikupata mahali pa kushika.

Leo mambo mengi yamebadilika. Maji ya Ziwa Viktoria yamefika Tabora. Magari ni mengi, na vijana wengi mijini hujipatia riziki kwa kuyaosha kwa mashine za maji ya nguvu. Kazi yao ni halali, na hatutaki kumwambia mtu asiwape. Rangi nazo si zile. Magari mengi ya siku hizi yamefunikwa juu ya rangi kwa tabaka jingine lisilo na rangi, wazi kama kioo. Anayelipiga polishi hapati tena kitambaa cha kijani cha kumwonya. Kitambaa hutoka cheupe, na kumbe ngozi inakwisha. Hapo ndipo mafundisho ya zamani yanapofaa zaidi. Mwenye gari asiyepata kuliosha kwa mkono wake hata mara moja kwa mwezi hajui kutu imeanzia wapi, wala tairi gani limepasuka ubavuni, wala mafuta yanavuja kutoka wapi. Hujua tu kwamba linang'aa.

Kadhalika habari ya maji. Mara nyingi tumeona mpira wa maji ukiachwa wazi nusu saa kwa ajili ya gari moja, na maji yakitiririka barabarani, huku mtaa wa pili akina mama wakiwa wamepanga ndoo zao kungoja zamu. Hatudhani wenye magari hayo ni watu wabaya. Tunadhani hawakupata kuibeba ndoo. Walimu wenzetu wanaweza kulitumia jambo hili darasani: mwanafunzi aoshe gari, baiskeli au hata mlango wa shule kwa ndoo tatu alizozibeba mwenyewe, kisha aandike insha. Bila shaka ataandika mengi zaidi ya usafi.

Imebaki habari moja. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba Land Rover lile limechakaa na litauzwa kwa mnada. Siku moja kabla ya mnada baba aliomba alilete nyumbani kwa mara ya mwisho. Sisi tulikuwa tumekwisha kuwa vijana wakubwa, na tulimwona akilala chali uvunguni, akikwangua udongo kwa kijiti kama zamani. Tulimwuliza faida yake ni nini, maana gari linaondoka, na bei yake haitaingia mfukoni mwake hata senti. Akasema, "Nililipokea safi."

Tukaliosha kwa ndoo tatu. Tukalipiga polishi mahali palipostahimili polishi. Tukachukua kopo la nta, tukapaka paa, boneti, madigadi na ubavu mmoja. Tulipofika kwenye mlango wa dereva, ile mikwaruzo michache ya mwaka 1976 ilikuwapo bado, imeviringika, na tulijua kwamba utando mmoja wa nta ungeificha vya kutosha kwa siku moja. Mmoja wetu alikwisha chovya kitambaa. Baba akamshika mkono.

"Huo uacheni," alisema. "Kesho watu watakuja kununua. Wauone kwanza."

Gari likauzwa, likaenda zake, na hatujui liliishia wapi. Sisi tumekuwa walimu na watumishi, na kila mmoja wetu amekabidhiwa vitu vya watu: vitabu, madawati, fedha za shule, watoto wenyewe. Katika kazi hizo tumekutana mara nyingi na kopo la nta, yaani njia rahisi ya kung'arisha jambo kabla ya kuliosha: taarifa iliyopambwa, hesabu iliyofunikwa, ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ya siku ya mgeni. Hatuwezi kusema kwamba hatukushawishika kamwe. Lakini kila mara tulimkumbuka mzee yule na mlango wake ulioachwa wazi, na daraja alilolikosa kwa ajili yetu bila kutudai. Nta ni kitu kizuri, na nchi yetu inayo. Ila hupakwa mwisho, juu ya kitu kilichokwisha kuoshwa.